Kamba ya Mkono wa Kike

Habari za Marselina zinaanzia mapajani, na asiyependa kusikia habari za mapaja ya mke wa mtu azibe masikio kidogo, tutamgusa bega tukifika mahali pa heshima. Paja lake la kulia lilikuwa na ngozi ngumu inayong'aa, kuanzia juu ya goti kwenda juu. La kushoto lilikuwa laini, la kawaida tu. Wanawake wa Karema waliliona jambo hilo siku ya kwanza walipompeleka bibi harusi kuoga ziwani, na kwa kuwa Karema hakuna siri inayolala njaa, kabla jua halijazama mji mzima ulishajua kwamba Evodi ameoa mke mwenye paja la kiboko.

Haukuwa ugonjwa. Zilikuwa kamba. Marselina alizaliwa kijiji cha Mamba, kule Mpimbwe, akalelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Romana, ambaye hakuwa na subira na watoto, wala na watu wazima, wala na mbuzi. Subira yake yote aliiweka kwenye nyuzi. Alimfundisha mjukuu wake kusokota kamba kabla hajamfundisha kusonga ugali, na pale alipokosea alimpiga kwa ile ile kamba aliyoikosea, akimwambia aisikie mwenyewe ilivyo mbaya.

Bibi Romana alijua kila mti na kazi yake. Magome ya miombo alitaka yabanduliwe wakati wa mvua, utomvu ukiwa umepanda, maana kiangazi gome hung'ang'ania mti na kutoka vipande vipande. Kamba yake ni ya kujengea: unafunga fito ikiwa mbichi, inakauka, inajikaza yenyewe, na fito hazichezi tena. Nyuzi za mgomba alizidharau, akasema ni za kufungia mizigo ya sokoni, zikilowa zinakuwa uji. Ukindu ulikuwa wa mikeka. Lakini kwa kazi ya kuvuta, na hasa ya kuvuta majini, hakutaka kusikia kingine ila mkonge pori, ule unaoota vichakani kwenye kivuli, majani yamesimama wima yakiwa na mabaka mabaka. Jani unalilaza juu ya gogo, unalikwangua kwa kisu butu mpaka nyama yote ya kijani itoke pamoja na povu lake linalowasha, na zinabaki nyuzi nyeupe ambazo meno yako hayawezi kuzikata.

"Jani halizidi urefu wa mkono wako," Bibi Romana alimwuliza siku moja. "Kamba ndefu inatoka wapi?"

Marselina alisema hajui.

"Inatoka kwenye kupishana. Uzi huu ukikaribia kwisha, unatia mwingine. Miisho miwili isikutane mahali pamoja. Ikikutana, hapo ndipo kamba itakatikia, na hapo ndipo nami nitakukatia fimbo."

Kisha alimwonyesha kazi ya paja. Unalaza mafungu mawili ya nyuzi juu ya paja la kulia, unayasukuma kwa kiganja kwenda gotini, kila fungu linajisokota peke yake. Ukiyaachia, kila moja linataka kurudi lilivyokuwa, na katika kurudi yanakumbatiana. Hili linataka kufunguka, lile linalizuia. Lile linataka kufunguka, hili linalizuia. Siri yote ya kamba ni hiyo, hakuna gundi wala dawa. Marselina aliipenda siri hiyo tangu siku ile, na mpaka anavunja ungo hapakuwa na msichana Mamba nzima aliyesokota kamba ngumu na nyembamba kumzidi.

Basi siku moja ya soko akaja mwuza samaki kutoka ziwani, amebeba migebuka mikavu ya kubadilisha na mchele. Marselina alitumwa kununua. Kabla hajamwona samaki wala mwenye samaki, aliona kamba iliyofungia mzigo. Mistari ya kamba zote alizozijua duniani ililalia upande mmoja. Ya huyu ililalia upande wa pili.

"Kamba hii kasokota nani?" aliuliza.

"Mimi," alisema kijana, na mara mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo kujificha.

"Umeisokota kinyume."

"Kwani imekatika?"

Marselina aliishika, akaivuta kwa nguvu zake zote, akaivuta tena. "Haijakatika," alisema. "Sijasema mbaya. Nimesema kinyume."

Kijana alicheka. Alikuwa Evodi, na alikuwa na meno mazuri, hilo tuliseme maana Marselina mwenyewe hakuchoka kulisema. Msimu uliofuata alirudi na samaki wengi kuliko mchele aliouhitaji, na msimu wa tatu alirudi na wazee wa kwao. Bibi Romana alimpima kwa macho, akaomba aletewe kamba aliyosokota, akaipapasa muda mrefu. Alisema kijana ana kiganja chenye nguvu na mjukuu wake amchukue kabla yeye bibi hajabadilisha mawazo.

Evodi alikuwa mtu wa mashoto. Siku hizi mtu anaweza kusema hivyo na kuendelea na chakula chake, lakini wakati ule halikuwa jambo dogo. Mtoto aliyeinua kijiko kwa mkono wa kushoto alichapwa. Baba yake Evodi, mtu wa sala na mwenye nia njema kabisa, alimfunga mkono ule kiunoni kwa kamba kila wakati wa kula, na wakati wa kupalilia pia, mpaka mtoto akazoea kula kwa mkono wa kulia, na kupalilia, na kufanya ishara ya msalaba. Mambo yote yalikubali kuhamia kulia isipokuwa moja. Kusokota kamba kuligoma. Paja lake gumu lilikuwa la kushoto, na lilifichwa ndani ya suruali.

Hata nyumbani, kwa mke wake, Evodi alipokea na kutoa kwa mkono wa kulia peke yake. Ule mwingine aliuweka chini ya goti, au mfukoni, kama mgeni asiyetakiwa kuonekana. Marselina aliliona hilo likamsikitisha, lakini alikuwa bibi harusi bado, na bibi harusi haanzi kwa kuuliza habari za mikono.

Pale Karema kulikuwa na juya, wavu mrefu wa kuvutwa kutoka ufukweni. Wavu wenyewe, wa nyuzi za pamba za dukani, ulikuwa mali ya Mzee Mikidadi, ambaye babu zake walitoka Ujiji na ambaye alisimamia uvuvi ule kwa sauti inayosikika mpaka misheni. Lakini wavu peke yake hauji nchi kavu. Una mabawa mawili, na kila bawa linavutwa kwa kamba ndefu. Kamba hizo zilikuwa za watu. Kila mwenye fungu la samaki alisokota kipande chake mwenyewe, na kila mwaka mvua zikikatika walikutana ufukweni kuziunga. Hawakufunga mafundo, kwa sababu fundo hunasa kwenye mawe. Walifumua ncha za kamba mbili, wakaingiza nyuzi za hii katikati ya nyuzi za ile, wakakaza. Asiye na kamba hakuwa na fungu. Aliye na kamba alikuwa mtu.

Mjomba wake Evodi alipofariki, nafasi yake katika juya ilimwangukia Evodi. Alisokota mkonge pori wake kwa raha, akaupeleka ufukweni, ukaungwa katikati ya kamba za wengine. Krispini, jirani yao, mvuvi mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyekuwa upande mmoja wa maungio.

Walipovuta siku ile juya lilikuwa zito, na watu walishaanza kuimba. Marselina alikuwa amesimama na wanawake wenzake, kila mmoja na kikapu chake. Ghafla pale kamba ya Evodi ilipokutana na ya Krispini pakaanza kuzunguka. Pakazunguka polepole, kisha mbio, mistari ya kamba zote mbili ikalegea na kunyooka, nyuzi zikachomoka, na waliokuwa wanavuta wakaanguka chali mchangani. Bawa lililala. Samaki walitoka wote, hata wale wavivu.

Krispini aliinuka, akijipangusa mchanga, akasema, "Si niliwaambia? Kamba ya mkono wa kike!"

Watu wa Ujiji walikuja na neno hilo, na pale ziwani lilishazoeleka. Mkono wa kulia ni wa kuume. Wa kushoto ni wa kike. Hakuna ubaya ndani ya neno, lakini lilivyotoka mdomoni mwa Krispini siku ile, mbele ya vikapu vitupu, lilikuwa na ubaya wote unaoweza kuingia. Watu walicheka. Evodi alitazama chini. Marselina alimwona anavyoutia mkono mfukoni, akasikia moyo wake unawaka.

Mzee Mikidadi hakucheka. Alimwita Evodi pembeni, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na mkono wako, Mungu ndiye kaumba yote miwili. Lakini juya ni la watu wengi. Mvua zikikatika tutaunga kamba mpya. Ukileta inayopatana na za wenzio, karibu sana. Ukileta kama hii, itanibidi niikatae mbele za watu, na sipendi."

Nyumbani Evodi alikula kidogo, akasukuma sahani. "Nikikosa nafasi ya juya, nitakwenda Mpanda mgodini," alisema. "Kule hawaulizi mkono, wanaangalia mabega tu."

Marselina alichukua sahani akaipeleka nje, kwa sababu angejibu angelia. Aliwajua wake wa walioenda Mpanda. Waume wengine walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi, na yeye hakuhitaji baiskeli. Alimhitaji Evodi, mzima mzima, na meno yake na mikono yake yote.

Kwanza alifikiri jambo ni jepesi. "Mimi ninasokota kuume," alimwambia. "Nitakusokotea kipande chako chote. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Evodi. "Nitakula samaki wa kamba ambayo sikuigusa? Basi niite mtoto, unilishe kabisa."

"Basi geuza. Badala ya kusukuma kiganja kwenda gotini, vuta kije tumboni. Itatoka sawasawa na yangu."

Alijaribu. Kamba ilitoka sawa kwa macho, lakini ilikuwa legelege, maana nguvu ya kiganja iko kwenye kusukuma, siyo kwenye kuvuta. Marselina aliipima kwa goti ikamkatikia mkononi. Alivificha vipande nyuma yake, lakini Evodi aliona.

Siku chache baadaye Marselina alirudi kutoka kisimani, akasikia nyuma ya nyumba mtu anahema. Alizunguka akamkuta mumewe amekaa chini, ameweka nyuzi kwenye paja la kulia, anasukuma kwa mkono wa kulia, jasho linamtoka. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kamba.

Marselina aliutua mtungi, na aliutua vibaya, maji yakamwagika. "Kakufunga nani?"

"Mwenyewe," alisema Evodi. "Usipofungwa unakuja kusaidia. Baba alikuwa anajua."

"Baba yako, Mungu amweke pema, hakujua lolote!" alisema Marselina, na hapo tukubali kwamba mkwe hasemwi hivyo, na Marselina hakuomba msamaha siku ile wala baadaye. Aliingia ndani akatoka na kisu. Kamba iliyofunga ule mkono ilikuwa ya mkonge pori, kazi ya Evodi mwenyewe, ngumu na nzuri kuliko nyingine yoyote pale nyumbani, na kuikata kamba kama hiyo kulimuuma yeye kama msokotaji. Aliikata vipande. Kisha aliushika mkono ule wa kushoto kwa mikono yake miwili, mara ya kwanza tangu waoane, akaukuta una sugu pale pale ambapo mkono wake yeye wa kulia ulikuwa na sugu.

"Mkono huu ndio uliofunga samaki nilionunua Mamba," alisema. "Mimi nilipenda kamba kabla sijakupenda wewe. Usinifungie mkono wangu tena."

Evodi aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho utanifundisha kusokota kwako," aliendelea Marselina.

"Ili iweje? Hata tukisokota wawili, itaungwa na ya nani? Ya kwangu na ya wenzangu zikikutana zinafunguana."

"Juya lina mabawa mangapi?"

"Mawili, unajua."

"Kamba ya bawa hili na ya bawa lile zinakutana wapi?"

Evodi alitazama vipande vya kamba vilivyolala chini, kimoja huku na kingine kule. Hazikukutana popote. Katikati yao kulikuwa na wavu mzima. Kama bawa moja lingekuwa la kuume mwanzo mpaka mwisho, na la pili la kushoto mwanzo mpaka mwisho, hapangekuwa na maungio hata moja ya kugombana. Alimtazama mkewe, akaanza kucheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu siku ya vikapu vitupu.

"Bawa zima!" alisema. "Unajua ni kamba kiasi gani? Hiyo ni kazi ya watu wengi."

"Ndiyo maana nimesema unifundishe kesho. Ningekuwa na muda ningesema keshokutwa."

Mvua zilianza, na kazi ikaanza nazo. Walipanda vilimani kukata mkonge pori, wakarudi na mizigo mgongoni, wakakwangua, wakaosha, wakaanika kivulini maana jua kali huzifanya nyuzi ziwe kavu za kuvunjika. Kisha wakakaa ukumbini bega kwa bega, mvua ikinyesha, na Marselina, fundi wa Mamba nzima, akawa mwanafunzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mjinga wa kutisha. Kamba zake za kwanza zilikuwa na vinundu, zikatoka nene hapa na nyembamba pale, na Evodi alizishika juu kwenye mwanga akacheka mpaka akakohoa.

"Bibi Romana angekuchapa," alisema.

"Bibi Romana angekuchapa wewe, mwalimu mbaya."

Paja lake la kushoto, lile laini, lilichubuka likawa jekundu. Alilipaka mafuta ya mawese akaendelea. Likapona, likachubuka tena, likaanza kuwa gumu. Mke wa Mzee Mikidadi, Bi Mwanaiddi, mama mtu mzima aliyependa kupita kwenye nyumba za watu kuhakikisha hazijaungua, aliingia siku moja bila hodi akamkuta katika hali hiyo, nguo imepandishwa, anasukuma kiganja cha kushoto.

"Makubwa haya! Mwanangu, unafanya nini na mkono wa kike?"

"Bi Mwanaiddi, mimi si mwanamke? Nifanye na wa nani?"

Bi Mwanaiddi alikaa chini. Aliangalia kamba, akaangalia paja, akamwangalia Evodi ambaye alikuwa anajifanya anatafuta kitu pembeni. Alikuwa mtu wa maneno mengi na alijua kuyapunguza yakihitajika. "Endelea," alisema. "Mimi sijaona kitu." Na kwa kweli Karema nzima haikujua kitu, jambo ambalo kwa Bi Mwanaiddi lilikuwa kama kufunga mwezi mzima wa Ramadhani kwa mara ya pili.

Kuelekea mwisho wa mvua kamba ilikuwa imejaa kona nzima ya nyumba. Evodi aliipenda, lakini hakuiamini. Hakuna aliyewahi kuona juya la namna hiyo. Siku iliyotangulia kuunga kamba alichukua blanketi, shati na sufuria ndogo, akavifunga mzigo mmoja wa safari, akauegemeza karibu na mlango. Marselina aliuona asubuhi, akauruka, akatoka nje.

Ufukweni watu walikuwa wamelaza kamba zao mchangani. Evodi na Marselina walifika wamebeba ya kwao kwenye mti mabegani, yeye mbele na mkewe nyuma, mti umepinda kwa uzito. Walipoitua watu walisogea. Krispini aliinama, akaona mistari ilivyolala.

"Haya tena!" alisema. "Kamba ya mkono wa kike, na safari hii imezaa!"

Kicheko kilianza, na wanawake hawakuwa na desturi ya kusema kwenye kamba, lakini Marselina alisogea mbele.

"Shemeji Krispini, umesema kweli, ni ya mkono wa kike. Nusu nimeisokota mimi, na mimi ni mwanamke. Kama una wasiwasi, muulize Evodi."

Wanawake walipiga vigelegele. Krispini alicheka na yeye, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na ulimi uliomtangulia. Evodi alimweleza Mzee Mikidadi habari ya mabawa mawili, kwa sauti ndogo mwanzoni, akichora mchangani kwa kidole. Alichora kwa mkono wa kulia, akashindwa, akachora kwa wa kushoto.

Mzee Mikidadi aliipapasa kamba kwa muda mrefu, akaikunja, akaikunjua. "Ipi yako hapa, na ipi ya mkeo?" aliuliza.

Evodi aliipitisha mkononi kipande baada ya kipande, akitafuta. Hakuona mahali. "Mzee, sijui," alisema.

"Basi tutaijaribu. Ikishika, imeshika. Ikifunguka," na hapo Mzee Mikidadi alinyamaza, maana alikuwa amepita mlangoni mwao asubuhi na mzigo aliuona.

Kamba za wengine ziliungwa bawa moja. Ya Evodi na Marselina ilifungwa bawa la pili, peke yake. Mtumbwi ulilipeleka juya majini, ukazunguka, ukarudi, na watu wakagawana, nusu kamba hii na nusu kamba ile. Siku zote Mzee Mikidadi aliyaita mabawa kwa mahali, upande wa misheni na upande wa mlima. Siku ile hakuita hivyo.

"Kuume tayari?" alipiga kelele.

"Tayari!" walijibu wa bawa la kwanza.

"Kike tayari?"

Wanaume wa bawa la pili walitazamana. Vifua vipana, mikono imeshika kamba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitikia jina hilo. Mmoja alikohoa. Kamba iliendelea kuvutwa na maji kidogo kidogo. Marselina alisimama na kikapu chake akimtazama mumewe mgongoni, na alijua kwamba kama Evodi angetazama chini wakati huu, basi hata kamba ikishika, mzigo ule wa mlangoni ungebaki umefungwa siku zote.

Evodi alibadilisha mikono. Aliutanguliza wa kushoto mbele, mbele ya watu wote, akakaza.

"Kike tayari!" alisema, kwa sauti ambayo hata Mzee Mikidadi hakuwa nayo.

Wakavuta. Kamba ilitoka majini imelowa, imevimba, imejikaza, maji yakiminywa na kudondoka, na mistari yake haikugeuka hata kidogo. Pale palipofunguka mwaka uliopita, pale pale mbele ya mawe, watu walishusha pumzi, na kamba ikapita. Krispini, aliyekuwa bawa la kuume, alianza kuimba. Sasa zilikuwa pande mbili zinazoshindana, kuume wakisema watatangulia na kike wakisema mtaona, na juya likaja mchangani limejaa, linaruka kwa samaki. Marselina alikaa chini pale pale alipokuwa na akalia, na Bi Mwanaiddi alikaa karibu yake akamshika mgongo, kisha akaanza kuwasimulia wanawake wenzake kila alichokiona mvua nzima, bila kupumzika.

Wakati wa kugawa Mzee Mikidadi aliita, "Fungu la Evodi." Evodi akapokea. Kisha, akiwa ameinama bado, akaita, "Fungu la Marselina." Watu walisubiri aseme kwamba amekosea. Hakusema, na Marselina akaenda na kikapu.

Nyumbani walipika mgebuka mmoja mkubwa. Mzigo ulikuwa umeshafunguliwa, sufuria yake ndiyo iliyokuwa motoni. Evodi alimega mnofu wa mgongoni, penye nyama nzuri, akampa mkewe, akampa kwa mkono wa kushoto. Kwenye nyumba yoyote nyingine pale Karema hilo lingekuwa tusi la kuitia wazee. Marselina aliutazama mkono ule ukiwa mbele yake, wazi, haujajificha. Aliweka wake wa kulia chini ya goti, akaupokea mnofu kwa wa kushoto, wakala.